Masizi, Maji ya Moto na Kopo la Chini ya Kitanda

Kamwene wasomaji. Barua za mwezi huu karibu zote ni za baruti nyeusi, ile ya zamani yenye moshi mwingi. Katika karakana ya bunduki za wawindaji nimekula chumvi nyingi, na masizi zaidi ya chumvi, kwa hiyo tuanze.

*Shikamoo mzee. Mwanangu yuko Texas. Kanunua bunduki mpya iliyotengenezwa Italia kwa sura ya Winchester ya mwaka 1873, na risasi anajaza mwenyewe, anasema huko inaruhusiwa. Kanitumia video: ganda analijaza baruti mpaka karibu na mdomo. Si litamlipukia? (Mama wa Mafinga)*

Marahaba mama. Ungeniambia analijaza nusu, hapo ndipo ningeshtuka.

Risasi ya bunduki hiyo inaitwa .44-40. Ile 44 ni jina la upana wake kwa sehemu za mia za inchi, ingawa ukiupima kweli unapungua kidogo. Ile 40 ni uzito wa baruti kwa kipimo cha greni, yaani kama gramu 2.6. Baruti nyeusi haitaki uwazi kati yake na kichwa cha risasi. Ukiacha hewa mle ndani, mgandamizo unaweza kupanda ovyo na mtutu ukavimba kama nyoka aliyemeza panya. Ndiyo maana anajaza mpaka kichwa kikikaa mahali pake kiibane baruti kidogo. Asilazimishe tu gramu zote 2.6 ziingie, kwa kuwa maganda ya leo ni manene zaidi sehemu ya kitako kuliko yale ya zamani na nafasi ni ndogo. Akitaka risasi isiyopiga teke sana, apunguze baruti, ile nafasi iliyobaki aijaze semolina, ngano ya chembechembe. Usicheke, wenzetu huko ndivyo wanavyofanya.

Mwulize pia kichwa cha risasi kina ncha gani. Kiwe bapa. Katika bunduki hiyo risasi hulala kwenye bomba chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine, pua ya hii ikigusa fataki ya ile iliyo mbele yake, yaani kile kikofia cha kitakoni kinachowasha baruti. Ukiweka yenye ncha kali, teke moja linatosha kuigonga fataki, na bomba zima liko chini ya kiganja chako cha kushoto.

Kichwa apake nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya mnyama, ya kondoo ni mazuri. Mafuta ya mashine yakikutana na masizi ya baruti nyeusi hugeuka kitu kama lami.

La mwisho, mama, na hili mkazie kwa sauti ya mzazi: baruti ya kisasa isiyo na moshi asiithubutu kwa kipimo hichohicho. Chuma cha 1873 hufungwa na viungo viwili vinavyokunjika kama goti. Goti hilo lilibuniwa kwa nguvu ya baruti nyeusi. Ganda likijazwa baruti ya kisasa mpaka juu, bunduki itapasuka usoni kwake.

*Ugonile mzee. Gobore la marehemu babu tunalo kwa kibali. Kila tukilitumia kufukuza nyani shambani nalisafisha kwa mafuta ya taa, na bado linashika kutu. Nakosea wapi? (Tukuyu)*

Kosa ni mafuta ya taa, na Tukuyu yenyewe, maana mvua yenu haina likizo.

Baruti nyeusi ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki kuwa gesi. Sehemu inaondoka kama ule moshi mweupe mzito, sehemu inabaki kwenye mtutu kama masizi. Na masizi hayo ni chumvi kwa sehemu kubwa. Weka chumvi ya jikoni nje usiku mmoja hapo Tukuyu uone asubuhi inavyolia machozi. Sasa mafuta hayayeyushi chumvi, yanaifunika tu, nayo inaendelea kula chuma huko chini.

Dawa ni maji ya moto na sabuni. Hakikisha kwanza gobore halina kitu ndani. Mimina, sugua kwa kitambaa kwenye ufito, mwaga. Maji ya kwanza yatatoka meusi yakinuka yai viza. Ya pili yatakuwa kama chai ya rangi. Endelea mpaka yatoke kama yalivyoingia, kisha suuza kwa maji ya moto sana, chuma kipate joto na kujikausha chenyewe. Mafuta ni mwisho kabisa, na kidogo. Kijana wa Texas naye maganda yake ya shaba ayatumbukize kwenye maji ya sabuni siku hiyohiyo, la sivyo yatageuka kijani.

Nililijifunza hili Mufindi, kwa aibu. Mvua ya Machi, nimechoka, nikaiacha bunduki ya mteja nikaenda kula ugali nikijisemea nitaisafisha asubuhi. Asubuhi kitambaa kilitoka mtutuni na rangi ya udongo wa barabara ya Mafinga. Mteja hakusema neno. Afadhali angenitukana.

*Mzee, kama Wahehe waliteka bunduki za Wajerumani pale Lugalo, kwa nini Kalenga, ngome ya Mkwawa, ilianguka? (Kijana wa Ipogolo)*

Ushindi wa Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, haukupatikana kwa bunduki, ulipatikana kwa mkuki na kuvizia. Askari wengi wa Zelewski, kamanda wa Wajerumani, hawakuwahi kufyatua zaidi ya risasi moja au mbili kabla hawajafikiwa. Bunduki zilizotekwa zilikaribia 300, zikiwemo Mauser za muundo wa 1871: milimita 11, baruti nyeusi, risasi moja kwa mara moja.

Shida ni tumbo la Mauser. Gobore ni kama mbuzi, ukilipa baruti ya duka na kipande cha chuma linakula. Mauser inataka ganda lake la shaba, la kipimo chake, lenye fataki yake, na hayo yalitoka kiwandani Ujerumani. Risasi zilizotekwa zikiisha, una rungu la bei ghali. Halafu Oktoba 1894 Gavana von Schele, akiwa na afisa wake Tom von Prince, alikuja Kalenga na mizinga, akijua anakokwenda.

*Ni kweli askari wa Mjerumani walisalitiwa na moshi wao wenyewe katika vita ya 1914? (Njombe)*

Kweli. Wafaransa walikuwa na bunduki ya baruti isiyo na moshi tangu 1886, lakini mwaka 1914 kombania nyingi za askari wa Mjerumani hapa kwetu bado zilibeba Mauser zilezile za 1871. Ukifyatua, wingu jeupe linasimama juu ya kichaka chako na adui analenga hapo. Nafuu ilianza kwa bunduki walizowanyang'anya Waingereza kule Tanga Novemba 1914, na nyingine zikaja kwa meli mwaka 1915.

*Nimekuta kopo la baruti kuukuu chini ya kitanda cha babu. Naweza kujaza risasi nyumbani kama huyo wa Marekani? Au imeshaharibika? (Makambako)*

Huwezi. Hapa kwetu kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, nayo haina mzaha na karakana za uani.

Na haijaharibika. Baruti nyeusi ikikaa pakavu inaweza kumaliza miaka mia na bado ikawaka kama ya jana, kwa cheche tu. Usiijaribu kwa kiberiti, usilitikise kopo, usikifungue kifuniko kilichoshika kutu. Jiko la mkaa litoke nyumba hiyo leo, watoto walale kwa jirani. Kopo liache palepale, uende kituo cha polisi mikono mitupu, uwaambie waje walichukue wao.