Mume wangu asema mtoto ni mtundu tu, kama alivyokuwa yeye

SWALI: Daktari, mwanangu wa kiume ana umri wa miaka 8 na yupo darasa la pili. Hospitalini tuliambiwa kwamba ana ADHD, ile hali ya mtoto kushindwa kutulia na kuzingatia jambo. Kliniki nampeleka mimi, mafunzo ya malezi nahudhuria mimi, na dawa nampa mimi. Mume wangu, ambaye ni fundi magari Unga Limited na hurudi usiku, anasema mtoto haumwi chochote, ni mtundu tu kama alivyokuwa yeye utotoni, na kwamba ninamdekeza. Nikimzuia kuangalia televisheni kwa sababu hajamaliza kazi za shule, baba yake humwashia. Je, niendelee peke yangu?
Mama wa Watoto Watatu, Sombetini, Arusha

JIBU: Pole sana, mama. Nianze na hilo neno la mumeo kwamba naye alikuwa hivyo hivyo, kwa sababu daktari wa mwanao analihitaji. ADHD hurithiwa kwa kiasi kikubwa, na wapo akina baba wengi walioipitia utotoni bila mtu kuitambua, wakachapwa kwa makosa ambayo hawakuyakusudia. Siku ambayo hakuna ugomvi, mwulize shule ilikuwaje kwake: alikuwa akipoteza madaftari, alitolewa nje ya darasa mara ngapi, nani alimvumilia. Kisha mwombe akayaeleze hayo kliniki kwa kinywa chake. Mwanamume anayeitwa kwenda kutoa maelezo ambayo ni yeye tu anayeyajua huitika kwa wepesi kuliko anayeitwa kwenda kusikilizishwa makosa yake.

Hilo la televisheni ndilo linalonipa wasiwasi zaidi. Dawa humsaidia mtoto kutulia kwa saa kadhaa, lakini haimfundishi mpangilio wa maisha. Kazi hiyo hufanywa na wazazi, kwa amri fupi, sifa za papo hapo na adhabu ndogo isiyobadilika. Mama akizima na baba akawasha, mtoto hajifunzi kumaliza kazi, anajifunza kumsubiri baba. Kwa hiyo msianze na kanuni kumi. Chagueni moja, kwa mfano kwamba televisheni huwashwa baada ya daftari kukaguliwa, na mkaguzi awe baba siku anazowahi kurudi. Badala ya kufoka mlangoni, “Acha utundu!”, amsogelee mtoto, amtazame, amwambie, “Fanya hesabu hizi tatu, kisha niletee,” na akiletewa amsifu kwa kile alichokifanya, hata kama ya tatu amekosea. Fimbo aiache kabisa, maana haimwongezei mtoto uwezo wa kuzingatia, na humwondolea hamu ya kumkaribia baba yake.

Hauko peke yako katika hili. Hata watafiti kwa miaka mingi waliwasahau akina baba, na mafunzo mengi ya wazazi yalihudhuriwa na akina mama tu. Gregory Fabiano na wenzake huko Buffalo, Marekani, walibuni mafunzo ambayo baba hujifunza stadi za malezi wakati mtoto akifanya mazoezi ya mpira wa miguu, kisha wote huingia uwanjani na baba akazitumia hapo hapo. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2009, akina baba hao walihudhuria vizuri zaidi kuliko wale waliofundishwa kwa njia ya kawaida. Naona somo kubwa kwetu hapa, kwa kuwa baba asiyependa kukaa kwenye benchi la kliniki anaweza kukubali kumpeleka mwanawe uwanjani Jumapili, na huko akaanza kumsifu kwa kufuata maelekezo.

Waombe wahudumu wa kliniki wawapangie siku ambayo fundi anaweza kufunga kazi mapema. Mkipewa rufaa ya kwenda hospitali ya KCMC, Moshi, safari hiyo mfanye pamoja, na awaulize mwenyewe wataalamu wa tiba kwa vitendo, yaani wanaomsaidia mtoto kumudu shughuli zake za kila siku. Kuhusu dawa, ajue kipimo na saa yake, ajue pia kwamba inaweza kupunguza hamu ya kula na kuchelewesha usingizi, ili akiona mtoto hamalizi chakula amweleze daktari na asiikatishe kwa uamuzi wake.

Akikataa mwaliko wa kwanza, mwalike tena mwezi ujao, lakini kliniki ya mtoto isiahirishwe kwa kumngojea.