Kabla Hujakubali Kwamba Injini Imechoka, Uliza Mashine Imepima Nini

Msomaji mmoja wa Tabata ameniandikia kwamba gari lake lilipandishwa juu ya mapipa ya kupimia, yale yanayozungushwa na tairi ili kujua nguvu ya injini, likaonyesha nguvu farasi 92 badala ya 109 zilizotajwa na mtengenezaji, na papo hapo akashauriwa anunue injini nyingine ya mtumba. Nami niliwahi kuambiwa maneno hayohayo katika gereji moja ya jijini humu, na hadi leo nikipita barabara ile moyo hunipanda.

Nilimwuliza fundi mashine yake imepima nini hasa. Akanijibu, "Hosipawa, bosi." Sikukubali, kwa sababu hosipawa, yaani nguvu farasi, haipimwi, bali hukokotolewa. Katika mashine za breki, ambazo zimetokana na breki aliyoibuni Mfaransa Gaspard de Prony mwaka 1821, injini huzungushwa huku ikizuiwa, na mkono wa chuma uliofungwa kwenye kizuizi hukandamiza kipima uzito. Kipima hicho kikisoma nyutoni 400, na mkono ukiwa na urefu wa nusu mita, nguvu ya kuzungusha ni nyutoni-mita 200. Ukizidisha 200 kwa mizunguko 3,000 ya kila dakika, kisha ukagawanya kwa 9,549, namba ya kugeuza hesabu hiyo kuwa kilowati, utapata takriban kilowati 63, yaani nguvu farasi 84. Mapipa mazito yasiyo na breki hufuata njia nyingine: kompyuta huangalia pipa linaongeza kasi kwa haraka kiasi gani, kwa kuwa uzito wake na umbo lake vinajulikana tangu kiwandani.

Fundi yule hakuwa na jibu, nami niliondoka na injini yangu, ambayo bado inanifikisha Morogoro bila kuhema.

Ndugu yangu, zile 109 zilipimwa kwenye injini yenyewe, ilhali 92 zimepimwa kwenye tairi, baada ya giaboksi, difu na tairi zenyewe kula sehemu yao. Isitoshe, hewa ya joto la Dar es Salaam ni nyepesi, hivyo injini hupata oksijeni kidogo. Uliza kama hesabu ilirekebishwa kwa ajili ya joto hilo. Usiwe mtu wa kutishwa na karatasi iliyochapishwa! Hakikisha upepo wa tairi, rudia kipimo kwenye mashine ileile, kisha pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, ya kila silinda. Zikilingana, tena zikiwa ndani ya kiwango cha mtengenezaji, usinunue injini.