Kabla hujashangilia dondoo la mwani kwenye sahani ya virusi

Mwani unaolimwa Kibuyuni, Kwale, una karajinani, sukari ndefu iliyojaa salfeti: mwani wa spinosum hutoa karajinani ya aina ya iota, wa cottonii hutoa kappa. Kwa mwanafunzi wa maabara hapa Nairobi anayetafuta dawa ya virusi, ni pa kuanzia pazuri. Juu ya seli zetu kuna heparani salfeti, nayo ni sukari yenye chaji hasi, na virusi vya herpesi aina ya 1 (HSV-1) hujishikiza hapo kwanza kabla ya kuingia ndani. Karajinani ikivinasa njiani, haviifikii seli.

Tatizo ni kwamba karibu chochote chenye salfeti nyingi kitazuia HSV-1 kwenye seli za Vero (seli za figo ya nyani zinazokuzwa maabarani). Kwa hiyo usipime dondoo lako peke yake; liweke sambamba na heparini ya unga (dawa ya kuzuia damu kuganda, nayo ni sukari yenye salfeti nyingi), mikrogramu 0.1, 1, 10 na 100 kwa mililita. Heparini ya sindano iache, maana chupa nyingi zina pombe ya benzili, na hiyo inaua seli. Dondoo nalo lifanyiwe dayalisisi kwanza, yaani lichujwe kwenye utando, chumvi ya bahari itoke. Usipite miligramu 1 kwa mililita: kimiminika kikiwa kizito kama uji, virusi vinachelewa tu kufika, na wewe utadhani ni dawa.

Panda Vero 200,000 kwa kila kishimo cha sahani ya vishimo 12. Kesho yake, zikishajaa, ipoze sahani kwa nyuzi 4 kwa dakika 15, kisha weka virusi vya kutoa plaki 60 hadi 80 (matundu yanayobaki virusi vikiua seli) pamoja na dawa, iwe dondoo au heparini, na uiache hapohapo kwenye baridi saa moja. Kwa baridi hiyo virusi hushika seli lakini haviingii. Osha mara tatu kwa PBS (maji ya chumvi yenye bafa) iliyokaa kwenye barafu. Hapa ndipo wengi huharibu: PBS ya joto la chumba inavifungulia mlango, na kuanzia hapo hupimi tena kushika. Funika kwa methiliselulosi asilimia 1, ute mzito unaozuia virusi kusambaa mbali, weka nyuzi 37 siku mbili au tatu, kisha formalini ya kuzigandisha seli na kristali violeti ya kuzipaka rangi, uhesabu plaki.

Sahani ya pili: virusi kwanza, osha, ndipo dawa. Dondoo likifanya kazi vilevile hapo, basi kazi yake si kuzuia kushika tu, na huenda linaua seli; rudi ukapime sumu. Sahani ya tatu: dawa kwenye seli saa moja, osha, halafu virusi. Kitu kinachofanana na heparini hakitakuwa na nguvu hapa, kwa sababu kinanasa virusi, si seli.

Usifunike kwa agari, hata kama methiliselulosi imeisha. Agari yenyewe hutoka kwenye mwani na ina sukari zenye salfeti. Plaki zitapungua hata kwenye vishimo visivyo na dawa.

Na inkubeta, jamani. Itifaki nyingi zinasema kaboni dayoksaidi asilimia 5, lakini zimeandikwa kwa maabara zilizo karibu na usawa wa bahari. Sisi tuko mita 1,700 hivi juu, hewa ni nyepesi, na midia, yaani chakula cha seli, inaelekea zambarau, dalili kwamba asidi imepungua. Pandisha hadi asilimia 6.

Ukihamia chikungunya, uliza kirusi chako kimepitishwa kwenye seli mara ngapi. Kikikuzwa muda mrefu maabarani, hupata mabadiliko ya kukiwezesha kushika heparani salfeti zaidi. Dawa itaonekana ya ajabu, halafu ishindwe na kirusi kilichotoka kwa mgonjwa juzi. Homa ya influenza ni habari nyingine kabisa: kirusi chake hushika asidi ya sialiki, sukari nyingine ya juu ya seli, hivyo kipimo cha kulinganisha ni seli zilizonyolewa sukari hiyo kwa kimeng'enya cha neuraminidasi.

Jaribio la mwisho, ambalo watu hulikwepa, ni kurudia kila kitu penye majimaji ya mwili. Selulosi salfeti, polima (molekuli ndefu) nyingine yenye salfeti, ilizuia VVU vizuri sana maabarani. Majaribio yake kwa wanawake yakasimamishwa 2007, ikihofiwa huenda inaongeza maambukizi badala ya kukinga. Shahawa hupunguza makali ya polima za aina hii. Kama dondoo lako ni la puani, ongeza makamasi. Kama ni la ukeni, ongeza shahawa. Nguvu ikishuka mara 50, iandike hivyo hivyo kwenye tasnifu.