Maswali ya Wasomaji: Tashtiti ya Gazetini Iwe Filamu ya Familia

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na wenzangu hapa Ujiji tunajifunza kutengeneza filamu za katuni kwa kompyuta. Mzee wangu amehifadhi katuni alizokata kwenye magazeti ya zamani, zikiwemo za Chakubanga, mhusika wa Christian Gregory, zilizokuwa zikitoka katika gazeti la Uhuru, na tunatamani kuzigeuza ziwe filamu ambayo familia nzima itakaa kuitazama. Wenzangu wanataka tuondoe pombe na kejeli kwa wakubwa, ubaki uchekeshaji mtupu. Mimi naona tukifanya hivyo hatutabaki na chochote. Nani yuko sahihi?
Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Ndugu msomaji, kuhusu pombe waachie wenzako, lakini kuhusu wakubwa usikubali. Kichekesho cha mlevi kinamhitaji mtazamaji anayezijua taabu za ulevi, na mtoto wa miaka saba hazijui (au tuombe asizijue). Mwenye cheo anayekitumia kujipendelea, kinyume chake, mtoto anamfahamu vizuri kabisa, kwa kuwa amekwisha kukutana na kiranja anayeandika majina ya wapiga kelele huku akiruka ya rafiki zake. Anayesema kwamba kejeli kwa wakubwa ni mambo ya watu wazima amesahau alivyokuwa darasa la tatu.

Mfano mzuri kuliko yote ninaoujua umo katika filamu ya katuni ya mwaka 1976 kuhusu kazi kumi na mbili za Astérix, mhusika wa Wafaransa René Goscinny na Albert Uderzo aliyeanza katika jarida la Pilote mwaka 1959. Katika kazi mojawapo, Astérix na rafiki yake Obélix wanatumwa kuchukua kibali A38 katika ofisi ambayo kila dirisha linawaelekeza dirisha jingine, ngazi juu, ngazi chini, hadi wanakaribia kurukwa na akili. Ndipo Astérix anapoanza kudai kibali A39, ambacho hakipo, kwa mujibu wa waraka B65, ambao nao haupo, na makarani wenyewe wanaanza kukimbizana wakiutafuta. Mtoto anacheka mbio hizo. Mzazi aliyewahi kufuatilia cheti ofisini anacheka kwa sababu nyingine kabisa. Na hakuna kati yao anayemsubiri mwenzake amfafanulie. Tena kisa hicho hakikutoka katika kitabu chochote cha Astérix, bali kilitungwa kwa ajili ya filamu, na bado tashtiti yake, yaani kejeli ya kuwafichua wakubwa, ni ileile ya vitabu.

Nanyi fanyeni vivyo hivyo. Msiunganishe katuni za mzee moja baada ya nyingine, kwa maana kichekesho cha picha moja kimekwisha pale pale kilipoanza, na hamsini za namna hiyo hazileti hadithi. Chukueni tabia ya mhusika, kisha mtafutieni safari moja. Tuseme mchuuzi yuko mwaloni Kibirizi na gunia lake la dagaa, boti inakaribia kuondoka, na karani anamtaka alete muhuri. Mwenye muhuri anataka stakabadhi, na mtoa stakabadhi anataka kwanza auone muhuri. Kila anapoondoka, kunguru wanashuka na gunia linapungua. Watoto watafuata kunguru, wazazi watafuata muhuri.

Jambo moja huwaponyoka wengi. Gazetini msomaji hujipangia mwenyewe muda wa kucheka, ilhali katika filamu muda huo lazima muuchore ninyi. Mwenye muhuri aunyanyue, aupulize, atazame saa ya ukutani, aone ni saa sita kamili, aurudishe mezani na kufungua chakula chake, bila kutamka neno. Mkimpa maneno hapo, mmekiua kichekesho.

Kuhusu ruhusa, kugeuza kazi ya mtu kuwa filamu ni haki ya mwenye kazi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo uzee wa gazeti si ruhusa. Ulizeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na mjue kwanza kama haki ziko kwa mchoraji, kwa warithi wake au kwa gazeti. Mkikwama, tungeni mhusika wenu, na katuni za mzee ziwe shule tu. Baada ya hapo mtahitaji pia kibali cha Bodi ya Filamu.

SWALI: Klabu yetu ya shule ina wachoraji sita wanaochora kwa mkono. Je, tunaweza kutengeneza filamu ya katuni ya dakika 80?
Mwalimu, Tabora

JIBU: Mwalimu, sinema huenda kwa fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde. Hata mkitumia kila mchoro kwa fremu mbili, dakika 80 ni michoro 57,600, yaani 9,600 kwa kila mwanafunzi, na mitihani inawasubiri. Anzeni na dakika mbili, ambazo ni michoro 1,440, na mpunguze hata hiyo kwa kuacha mwili utulie huku mdomo na macho tu vikisogea. Tashtiti inaustahimili utulivu huo kuliko hadithi ya vita, kwa kuwa uso wa afisa asiyejali hauhitaji kusogea sana.