Taifodi na usugu wa dawa: maswali yenu

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa miaka 9 alifanyiwa kipimo cha damu kiitwacho Widal, tukaambiwa ana taifodi. Leo ni siku ya 6 anameza siprofloksasini na homa bado inapanda kila jioni. Tumeshauriwa tumwongezee dozi. Je, ni sawa?

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa kuuguza. Usimwongezee. Kwanza, Widal haithibitishi taifodi. Inapima kingamwili, si bakteria mwenyewe, na kingamwili hizo hubaki damuni miezi mingi baada ya ugonjwa kupona. Hata malaria yaweza kuleta majibu ya uongo, kwa hiyo apimwe malaria na mkojo pia.

Tuseme ni taifodi kweli. Siprofloksasini hushika kimeng'enya ambacho bakteria hukitumia kukunjua DNA yake anapozaliana. Badiliko moja dogo kwenye jeni iitwayo gyrA hulegeza mshiko huo. Hapo dawa humpunguza kasi tu: mtoto anapata nafuu kidogo, kisha homa inarudi. Kuongeza vidonge hakurudishi mshiko, kunaongeza madhara.

Mpeleke hospitali aoteshwe damu (yaani damu yake iwekwe kwenye chupa maabara kuona kama bakteria wataota), na utaje kila dawa aliyokwisha kunywa, kwa kuwa antibayotiki huficha bakteria. Kiasi cha damu ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Katika mililita moja ya damu ya mgonjwa mara nyingi yumo bakteria mmoja, au hayumo kabisa. Ndiyo maana mtu mzima hutolewa mililita 8 hadi 10 kwa chupa, na mtoto kulingana na uzito wake. Hata hivyo kipimo hiki huwakosa wagonjwa kama 4 kati ya 10, kwa hiyo majibu ya "hakuna kilichoota" hayafuti taifodi. Kikiota, omba majibu ya usugu, na uulize kama maabara imetumia kidonge cha pefloksasini, dawa ya jamii moja na siprofloksasini (hiki si cha kumeza, ni kikaratasi chenye dawa kinachowekwa juu ya bakteria walioota). Kile cha siprofloksasini peke yake hupitwa na usugu mdogo, na cheti kinaandikwa "inafaa" wakati haifai.

Tumbo likikaza au likiuma ghafla, choo kikiwa cheusi kama lami au chenye damu, au mtoto akianza kuweweseka, msingoje asubuhi. Utumbo hutoboka zaidi kuanzia wiki ya 3 ya ugonjwa.

SWALI: Damu yangu iliota taifodi, nikapewa azithromaisini. Siku ya 3 homa haijakata. Dawa imeshindwa?

JIBU: Bado ni mapema kusema hivyo. Bakteria huyu hujificha ndani ya chembe zilezile za mwili zinazopaswa kummeza, na hata dawa ikiwa sahihi homa huchukua siku 4 hadi 6 kukata. Pima joto asubuhi na jioni, andika. Kinachoangaliwa ni kile kilele cha jioni: kikishuka kidogo kidogo kila siku, dawa inafanya kazi. Kosa tunalokutana nalo mno ni kubadili dawa siku ya 3, halafu nyingine siku ya 5, mpaka hakuna ajuaye ipi ilisaidia.

Hesabu pia vidonge vyako. Pakiti ya vidonge 3 vya miligramu 500 ni ya magonjwa mengine. Kwa taifodi dawa hii huandikwa siku 7. Homa ikiendelea baada ya siku ya 7, au ikirudi wiki chache baadaye, rudi uoteshwe tena.

SWALI: Ni kweli ipo taifodi isiyosikia dawa yoyote?

JIBU: Siyo yoyote, ila zimebaki chache. Mwaka 2016, katika jimbo la Sindh, Pakistan, ulianza mlipuko wa taifodi sugu kwa kloramfenikoli, ampisilini, kotrimoksazoli, siprofloksasini na hata seftriaksoni ya sindano. Zilizobaki ni azithromaisini ya kumeza, na jamii ya meropenemu, ambayo hupitishwa kwenye mshipa. Na Bangladesh wameshapata bakteria waliojenga usugu kwa azithromaisini kwa badiliko moja tu la jeni. Huyo akichanganyika na yule wa Sindh, kidonge cha kutibia nyumbani hakitakuwepo, na hilo linatutia hofu ya kweli.

Mwaka 2019 Pakistan iliingiza chanjo ya taifodi ya konjugeti (yaani sehemu ya ganda la bakteria iliyounganishwa na protini) katika chanjo za kawaida za watoto. Ni sindano moja ya nusu mililita, inayoweza kutolewa kuanzia umri wa miezi 6. Chanjo hii hulenga ganda la nje la bakteria, kwa hiyo aliye sugu na asiye sugu wote hukutana na kinga ileile.