Kwa Anayetaka Kusomea Historia ya Kazi na Mapumziko

Mwanafunzi mmoja wa uzamili ameniandikia akiuliza kama historia ya kazi na mapumziko inaweza kumjengea mtu jina, au itambidi aikimbilie historia ya uchumi ili aheshimiwe. Swali hilo lilinichoma. Nilipowasilisha pendekezo langu la uzamivu, profesa mmoja katika jopo alisema kwamba chuo hakihitaji bingwa wa uvivu, na wenzake wakacheka. Leo kitabu changu kinafundishwa katika idara ileile. Sisemi hivyo kwa kujigamba, ingawa siwezi kukana kwamba jambo hilo hunifurahisha.

Ushauri wangu ni huu: usiyatafute mapumziko katika nyaraka zinazohusu mapumziko. Waliopumzika hawakuandika ripoti. Walioandika ni waajiri waliochukizwa na utoro, wahubiri na makarani wa mahakama. Chukua kumbukumbu za Old Bailey, mahakama ya jinai ya London, za kuanzia 1674 hadi 1913, ambazo zinasomeka bure kwenye intaneti. Shahidi anayeeleza jinsi alivyomwona mwizi hutaja pia, bila kukusudia, kwamba saa ile alikuwa kiwandani, njiani au baa. Kwa ushahidi wa aina hiyo mwanahistoria wa uchumi Hans-Joachim Voth alikadiria muda wa kazi nchini Uingereza kati ya 1750 na 1830, akaonyesha kwamba uliongezeka kwa sababu sikukuu za kidini, pamoja na Jumatatu ambayo mafundi wengi walizoea kuipumzikia, ziligeuka kuwa siku za kazi. Utafiti huo ndio ulionifundisha kuisoma kesi ya wizi kama ratiba ya siku ya mtu.

Miaka ya kunakili mafaili siielezi. Ilikuwa mirefu, basi.

Wala usiitenge kazi na mapumziko. Mkataba wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1919, uliweka kikomo cha saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki viwandani, na migomo ya Ufaransa ya 1936 ilizaa likizo ya wiki mbili yenye malipo. Vijana mnaokimbilia nadharia kabla ya kufungua faili hata moja mtaiona migomo hiyo kuwa ni ya mishahara tu. Fungueni mafaili kwanza. Narudia, ya mahakama hasa.

Kuhusu uchumi, usiukimbilie wala usiukimbie: jifunze takwimu za sampuli, kwa sababu mashahidi mia wa mahakamani hawawakilishi mji mzima mpaka ujue ni akina nani waliozoea kuitwa kutoa ushahidi.