Kwenu mnaoanza kuongoza wageni Soweto

Wiki iliyopita pale Orlando West nilimwona mdogo wetu mmoja, hana hata mwezi kazini, akiwapanga wageni wake waige ile picha ya Hector Pieterson, mtoto aliyepigwa risasi na polisi katika maandamano ya wanafunzi ya tarehe 16 Juni 1976, akiwa amebebwa mikononi: wewe mbebe mwenzako, dada kimbia pembeni. Tumbo lilinikata. Nawaandikia kwa sababu nawapenda, na kwa sababu nimechoka kuyaona haya.

1. Msianzie Mtaa wa Vilakazi, wanakokimbilia watalii wote. Anzieni Kliptown, ulikopitishwa Mkataba wa Uhuru, tamko la wapinga ubaguzi wa rangi, tarehe 26 Juni 1955.

2. Elezeni sababu kabla ya risasi. Amri ya serikali ya makaburu ya 1974 ilitaka hesabu na maarifa ya jamii yafundishwe kwa Kiafrikana, lugha ya makaburu. Mtanzania hilo huhitaji kumweleza mara mbili. Naye anaijua adha ya kusomeshwa kwa lugha asiyoiota.

3. Picha ile haiigizwi. Mwaka wangu wa kwanza nilipata kundi la wanafunzi kutoka Nairobi. Jua kali, wamechoka, nikataka wachangamke. Mmoja akambeba mwenzake, msichana mmoja akainua mkono kama Antoinette, dada yake Hector. Wakacheka, nami nikacheka, nimeshika simu zao nne. Gogo mmoja, yaani bibi mzee, aliyekuwa anapita na mfuko wa mboga akasimama. Akaniuliza kwa Kizulu, taratibu: aliyembeba yule mtoto anaitwa nani? Mbuyisa Makhubo, nikajibu haraka. Alikwenda wapi? Nikanyamaza. Nilikariri jina, sikujua kwamba baada ya picha hiyo, aliyoipiga Sam Nzima, kuenea duniani polisi walimwandama kijana wa watu mpaka akakimbia nchi, na kwamba barua yake ya mwisho ilitoka Nigeria mwaka 1978. Gogo akasema, "Mama yake alimngoja mpaka akafa." Akaondoka.

Wanafunzi wakataka nitafsiri. Nikawaambia anatusalimu.

Kuwapanga ulikuwa ujinga, na ujinga hutibika. Ule uongo ndio unaniamsha usiku hadi leo, maana wale vijana walirudi Nairobi wakiamini bibi mwenye uchungu alikuwa anawakaribisha.

4. Mtajeni na Hastings Ndlovu, wa miaka 15, aliyeuawa siku hiyohiyo. Kundi likishika jina la Hector peke yake, hamjamaliza kazi.

5. Wageni kutoka Tanzania waulizeni habari za Mazimbu. Wengi waliokimbia baada ya 1976 walisoma huko Morogoro, katika shule ya chama cha ukombozi cha ANC, iliyopewa jina la mpigania uhuru Solomon Mahlangu. Niliuliza hivyo siku moja, mzee mmoja akavua kofia, akasema utotoni alicheza mpira na hao vijana, wakamfundisha nyimbo. Akaziimba palepale. Nusu saa nzima yeye ndiye aliyeongoza kundi, mimi nikawa mgeni.

Mdogo wangu wa wiki iliyopita, Jumamosi njoo saa mbili asubuhi pale shule ya Morris Isaacson. Tutatembea kwa miguu mpaka Orlando West, njia waliyoshika wale wanafunzi. Vaa viatu vya kutembelea.